Machozi ya Kitunguu

Pale kliniki ya macho hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Kitunguu, tangu siku ile dereva wa gari la wagonjwa alipomwona akitoka chumbani kwake na wagonjwa wake nyuma, wote wanapangusa macho, mmoja anapenga kamasi kabisa. "Huyu dada ni kitunguu," akasema dereva, na kufikia saa ya chakula cha mchana jina lilikuwa limeshapanda ghorofa zote na kushuka. Mwenyewe hakununa. Alisema mama mkwe wake amewahi kumwita vibaya zaidi.

Alikuwa muuguzi kwa kusomea, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo, na kazi yake ilikuwa kukusanya machozi ya watu. Si utani, alilipwa mshahara kwa hilo. Mtu aliketi kwenye kiti chake, akaambiwa atazame dari, na Kitunguu akachomeka ncha ya kikaratasi chembamba ndani ya kope ya chini, kisha wakasubiri kilowe. Daktari wa macho, mama mmoja mwenye miwani mikubwa aliyeongoza utafiti ule, alimkataza kabisa kuwaliza watu. Alitaka machozi ya kawaida, yale yanayolainisha jicho kutwa nzima bila mwenyewe kujua, siyo ya msiba wala ya furaha.

"Daktari, mimi siwalizi," Kitunguu alijitetea. "Nawauliza tu habari za nyumbani."

Na kweli hakuwa na mbinu yoyote. Ila mtu akikalishwa mahali patulivu, akatazamwa machoni na mtu asiye na haraka, halafu akaulizwa watoto hawajambo, mambo humtoka. Kitunguu alisikia habari za ndoa, za viwanja, za mabinti waliohamia mbali wasiopiga simu. Ilibidi wapangusane, wapumzike, waanze upya na kikaratasi kingine.

Vikaratasi vikishalowa alivipeleka chumba cha pili kwa Bwana Kimya. Huyu naye jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Alikuwa kijana mwembamba, mhandisi, aliyevaa soksi za sufu kazini na kuacha viatu mlangoni, na neno lake la kwanza kwa kila aliyeingia lilikuwa "Shhh." Hakuwa mkorofi. Mtambo wake ndio ulikuwa na deko. Ulikuwa mdogo, ungeweza kuufunika kwa kitambaa cha mezani na kikabaki, lakini ndani yake mlikuwa na utando laini kuliko povu la sabuni, na katika utando huo kulikuwa na kitundu kimoja, kidogo hivi kwamba vitundu maelfu vingejipanga kwenye upana wa unywele mmoja na bado pangebaki nafasi. Lifti ikisimama kwa kishindo, utando unapasuka. Mtu akibamiza mlango, unapasuka. Kitunguu akicheka, na cheko lake lilikuwa la kutoka tumboni, unapasuka bila shaka, na Kimya anaanza kuutengeneza upya huku ameibana midomo.

Wagonjwa walipouliza machozi yao yanakwenda kufanywa nini, Kitunguu ndiye aliyewaeleza, maana Kimya akieleza watu walisinzia.

"Chukulia uko ndani ya nyumba," alikuwa akisema, "mlango ni mmoja, mwembamba, na nje kuna taa kali. Kila anayepita mlangoni anaziba mwanga. Shangazi mnene anauziba karibu wote, tena anachelewa kupita. Mtoto anapita fyuu, mwanga unapepesa tu. Mwenye ndoo kichwani anaziba kwa namna yake. Wewe umekaa ndani huoni sura ya mtu, unaona mwanga unavyokatika, lakini ukizoea utajua: huyu shangazi, huyu mtoto, huyu mwenye ndoo. Sasa kwenye mtambo hakuna taa, kuna umeme kidogo unaopita kwenye kile kitundu. Na wanaopita si watu, ni protini za machozi yako. Kila moja inakata umeme kivyake, na kompyuta inachora mstari. Mstari ukishuka, kuna mtu kapita."

"Na mkishajua nani kapita?"

"Basi tunajua nani hayupo, na nani kazidi. Ugonjwa unaanza huko, baba, kabla jicho halijakuuma."

Hivyo ndivyo siku zake zilivyokwenda, na alizipenda. Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa saa na redio, mpole, na binti yao aliyekuwa bwenini. Tatizo lake moja lilikuja kila Jumapili saa saba mchana likiwa limevaa gauni lililopigwa pasi: mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa karani wa mahakama mstaafu. Alikaa miaka mingi mbele ya meza za mahakimu akiandika wanayosema watu wakiapa, na kazi ile ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimwambia wali umeiva, aliuliza nani ameuonja. Mwanawe akichelewa, alitaka jina la mtu aliyekuwa naye. Na alikuwa na kesi moja ya muda mrefu dhidi ya mkwewe. Siku ya mazishi ya baba mkwe, mbele ya jamaa wote, Kitunguu hakutoa chozi hata moja.

Hilo lilikuwa kweli. Kitunguu alimpenda baba mkwe kama baba yake mzazi. Yule mzee ndiye aliyemtetea siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, na ndiye aliyekuwa akimpigia simu kumsimulia vichekesho ambavyo alikuwa ameshamsimulia. Siku ile moyo ulikuwa unamchanika vipande vipande. Lakini macho yalikuwa makavu kama kokoto, yanawasha, mekundu, na kwa vile yaliwasha alikuwa akiyafikichafikicha, na mama mkwe akatafsiri kwamba anajitahidi kulazimisha.

"Macho makavu, moyo mkavu," mama mkwe alisema jioni yake kwa sauti iliyopangwa ifike jikoni. Tangu hapo hakukosa nafasi. Wakitazama tamthilia kwenye televisheni na yeye akalia, alimgeukia Kitunguu: "Wewe endelea tu kula, mwenzetu, haya mambo hayakuhusu." Na aliposikia kwamba mkwewe ameajiriwa kukusanya machozi, alicheka mpaka akakohoa. "Anaokota ya watu," alisema. "Yake hana."

Kitunguu alijibu kwa utani, kama kawaida yake, lakini ndani ilimchoma. Kwa sababu alikuwa ameanza kujiuliza mwenyewe. Mara ya mwisho kulia machozi ya kutiririka ilikuwa lini? Hakukumbuka. Binti yake alipokwenda bwenini mara ya kwanza, mume alilia kwenye usukani wa gari la kuazima, yeye akampa leso. Labda mama mkwe amesema kweli. Labda kuna watu wanazaliwa hivyo, wakipenda wanapenda kwa nje tu.

Ikatokea asubuhi moja ya mvua kubwa. Barabara ilijaa maji, wagonjwa hawakuja hata mmoja, na Kimya alikuwa ameshatengeneza utando mpya uliotulia vizuri kuliko siku zote. Alitokeza kichwa mlangoni kwa Kitunguu akiwa na sura ya mtu aliyepika akakosa wageni.

"Sina sampuli," alinong'ona. "Na leo utando umekaa vizuri sana. Utaharibika bure."

"Chukua yangu basi," Kitunguu akasema. "Jaribu kwa machozi ya mzima mmoja. Nishike miye mwenyewe kikaratasi."

Alijichomeka kikaratasi mbele ya kioo, akasubiri. Kwa wagonjwa, muda kama huo kikaratasi kilikuwa kimelowa zaidi ya nusu. Chake kililowa ncha tu, kama ulimi wa paka umekigusa. Akacheka. "Nimekunywa maji kidogo leo," akamwambia Kimya, ingawa chupa yake ya maji, ile asiyoiacha hata akienda chooni, ilikuwa mkononi imeshaisha. Kimya hakujali. Uzuri wa mtambo wake ni kwamba haukuhitaji mengi. Kile kidogo kilitosha.

Akakaa kwenye kompyuta. Kitunguu akaketi pembeni, mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza, akitazama mstari. Mstari ulikwenda, ukashuka kidogo, ukapanda, ukaenda. Ukaenda tena bila kitu.

Kimya akakunja uso. "Umezibika," alisema. Akausafisha. Akaanza tena. Mstari ule ule, umenyooka kama barabara ya usiku isiyo na magari, ukishuka mara moja moja tu.

"Umecheka?"

"Sijafungua mdomo!"

Alibadilisha maji ya chumvi yaliyozunguka utando. Alibadilisha nyaya. Akavunja utando mzuri ule na kujenga mwingine, huku akilalamika chini chini juu ya lifti, juu ya mvua, juu ya kampuni ya umeme. Mwishowe, kwa hasira, akajichomeka kikaratasi jichoni mwake mwenyewe, akatia machozi yake kwenye mtambo. Mstari ukacheza mara moja: chini juu, chini juu, wale wanene wakizuia kwa madaha, wale wembamba wakipita fyuu, msongamano kama mlango wa shule kengele ikilia.

Kimya akautazama. Akatazama ule wa kwanza. Halafu akamgeukia Kitunguu, na kwa vile hakujua kuzunguka, akasema kama alivyoona.

"Dada, mtambo hauna tatizo. Machozi yako hayana watu."

Kitunguu alitaka kucheka, akautazama tena mstari.

Daktari aliitwa. Alikuja na kikombe chake cha chai, akaitazama mistari miwili, akakiweka kikombe chini. Alimgeukia Kitunguu na kumtazama kama anavyotazamwa mgonjwa, na Kitunguu, ambaye kila siku ndiye anayetazama, aliona haya.

"Hiyo chupa ya maji," daktari akasema. "Unatembea nayo tangu lini?"

"Daktari, mimi napenda maji tu."

"Ukila mkate mkavu?"

"Haushuki bila chai. Lakini nani anakula mkate mkavu bila chai?"

"Wengi," daktari akasema. "Viungo? Vidole asubuhi?"

Kitunguu alivificha vidole vyake mapajani bila kufikiri. Kila asubuhi vilikuwa vigumu kama vya mtu aliyefua mablanketi, na kila asubuhi alisema ni umri. Macho kuwasha alisema ni feni. Mdomo kukauka alisema ni kuongea sana, na hilo hakuna aliyembishia. Muuguzi mzima, aliyewauliza watu maswali hayo hayo miaka na miaka, alikuwa ameipa kila dalili sababu yake ndogo na kuisahau.

"Sikiliza," daktari akasema, akavuta kiti karibu. "Mtambo huu bado ni mwanafunzi. Hauruhusiwi kumwambia mtu anaumwa nini, na wala mimi siwezi kukuambia kwa kuutazama. Lakini umenyoosha mkono, na mwanafunzi akinyoosha mkono tunamsikiliza. Kesho utapimwa kama watu wote wanavyopimwa."

Akapimwa. Walimtoa damu, wakampima machozi kwa njia ya zamani, wakamkata kijinofu kidogo sana ndani ya mdomo wa chini, akashinda siku nzima anaongea kama mtu aliyeumwa na nyuki. Majibu yalipokuja yalikuwa na jina refu ambalo daktari alimfasiria kwa maneno mepesi. Kinga ya mwili wake, ile inayotakiwa kupigana na vijidudu, ilikuwa imepotea njia na kuanza kupiga tezi zake yenyewe: tezi za machozi na za mate. Pengine ilianza miaka mingi nyuma. Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa huo kabisa, lakini kuna matone, kuna vidonge, kuna kuangaliwa mara kwa mara, na watu wanaishi nao mpaka wanazeeka na kulalamika mengine.

"Kwa hiyo," Kitunguu akauliza polepole, "mtu wa namna hii, akifiwa, anaweza asitoe machozi?"

Daktari hakujua swali lilitoka wapi. "Anaweza akalia ndani kote," alisema, "na jicho lisitoe kitu. Wengine inawaumiza kwelikweli. Jicho linataka kulia na halina machozi ya kutoa."

Kitunguu alishukuru, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ambako mafundi huacha ndoo zao za rangi. Alikaa pale. Alimkumbuka baba mkwe, na vichekesho vyake vya kurudia, na ile siku, na jinsi alivyofikicha macho mpaka yakavimba. Kwa miaka yote hiyo alijiona ana kasoro rohoni, kumbe ni tezi. Alijikuta anacheka peke yake ngazini, na macho yanawaka kama yametiwa pilipili, na hakujua kama kile ni kicheko au ni kile kingine. Huko juu bila shaka utando ulipasuka.

Mume alipoambiwa, aliweka bisibisi chini. Halafu akasema, "Tumwambie mama."

"Usithubutu."

"Kwa nini?"

"Atasema nimetafuta kisingizio hospitalini ninakofanya kazi. Atasema nimehonga mashahidi."

Mume akatafakari, akaona kwamba ndivyo mama yake angesema, neno kwa neno. Lakini alikuwa mwanamume asiyeweza kuficha kitu. Jumapili, kabla hata sahani hazijatolewa, alikuwa ameshasema yote. Mama mkwe alisikiliza akiwa amenyoosha mgongo, kijiko kimesimama hewani.

"Tezi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na tatizo limegunduliwa na mashine iliyo ofisini kwake."

"Limethibitishwa na vipimo vya hospitali, mama."

"Nitakwenda kuiona," mama mkwe akasema, akaendelea kula.

Alikuja Jumanne, na gauni lake la pasi, na mkoba alioubeba mbele kwa mikono miwili. Kitunguu alimpokea kwenye lifti. "Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Iko wapi?"

Walimvua viatu mlangoni. Kimya alisema "Shhh," na mama mkwe, aliyenyamazisha watu mahakamani maisha yake yote, alimtazama kwa heshima. Kwa ruhusa ya Kitunguu, Kimya alimfungulia mistari yote miwili kwenye skrini, mmoja juu ya mwingine.

"Huu wa juu ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Wewe ni mzima?"

"Nadhani hivyo."

"Unadhani." Mama mkwe aliinama karibu na skrini. "Na hivi vinavyoshuka ndio nini?"

Kimya alianza kueleza kwa maneno yake, akatatizika, akamwangalia Kitunguu. Kitunguu akamweleza mama mkwe habari za mlango mwembamba, na taa, na shangazi mnene. Mama mkwe aliuliza kama shangazi akipita pamoja na mtoto mara moja mashine itajua. Kimya alikiri kwamba wakati mwingine haijui. Akauliza kama mashine inaweza kumfananisha huyu na yule. Kimya akakiri kwamba inaweza.

"Kwa hiyo huyu shahidi wako," mama mkwe akasema, akimnyooshea kidole mtambo, "amewahi kusema uongo?"

"Mara nyingi sana, mama," Kimya akajibu. "Mwanzo nilidhani na siku hiyo ananidanganya. Nilimsafisha kutwa nzima. Hatukumwamini mpaka vipimo vingine viliposema vile vile."

Kitunguu alifumba macho, akijua mambo yameharibika. Lakini mama mkwe alikuwa akitikisa kichwa polepole, na uso wake ulikuwa umelegea.

"Miaka yangu yote pale," alisema, "sijawahi kuletewa shahidi anayesema waziwazi kwamba yeye hukosea. Wote walikuwa hawakosei kamwe, na nusu yao walikuwa waongo." Akautazama tena ule mstari wa chini, ule mtupu, kwa muda mrefu. "Na hapa hakuna kitu kabisa."

"Kidogo sana, mama," Kimya akasema.

Mama mkwe akaomba kiti. Kitunguu akamletea kile cha wagonjwa, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, akachuchumaa pembeni yake. Kwa mazoea tu akamtazama machoni.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, na hakuwa amemwita hivyo hata siku moja, "siku ile nilikuwa nakutazama wewe tangu asubuhi mpaka tulipomaliza. Unajua kwa nini? Kwa sababu sikuweza kutazama jeneza. Nilitafuta pa kuweka macho, nikayaweka kwako. Nilipoona hulii nikapata kitu cha kukasirikia. Hasira ilinisaidia kurudi nyumbani. Halafu nikaizoea."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Alikupenda yule. Alikuwa akiniambia, huyu mkwe wako anacheka vichekesho vyangu hata vile vya zamani. Mimi niliacha kuvicheka siku nyingi." Akafungua mkoba kutafuta leso, hakuiona, machozi yakawa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Nilikukosea. Na nilikukosea mbele za watu, basi nitalirekebisha mbele za watu."

Kitunguu alimkumbatia pale pale kwenye kiti. Kimya alisimama na soksi zake, hajui aangalie wapi, kisha akachukua kikaratasi mezani akakinyoosha kwa aibu.

"Samahani, mama," alinong'ona. "Hayo yanamwagika bure. Naweza?"

"Ya kilio daktari hayataki," Kitunguu akasema.

"Ya kulinganisha tu."

Mama mkwe alicheka katikati ya kulia, akainua uso akatazama dari. Kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko cha Kitunguu, hakuna aliyewahi kukisikia vile, na mstari kwenye skrini nyuma yao ukaruka juu na kutulia ukiwa bapa. Kimya alivuta kiti. Alianza kujenga utando mwingine.

Ahadi ya kurekebisha mbele za watu mama mkwe aliitimiza kupita kiasi. Aliwapigia simu jamaa wote waliokuwepo mazishini, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza habari za tezi. Aliwaeleza na ambao hawakuwepo. Alimweleza muuza mboga. Shangazi mmoja wa mbali alimpigia Kitunguu kumpa pole kwa kupofuka, na ilibidi amhakikishie kwa dakika nyingi kwamba anaona vizuri sana. Kitunguu alilalamika kwa mume wake kwamba afadhali wakati ule alipokuwa na moyo mkavu, maana hapo kulikuwa na amani.

Matone yalimsaidia, vidonge vilimsaidia zaidi. Vidole vililegea asubuhi. Bado anatembea na maji, bado mkate anautaka na chai, na siku za feni kali macho yanamkera. Daktari alimwambia wazi kwamba ugonjwa una siku zake nzuri na mbaya, na ndivyo ulivyo. Mtambo nao uko pale pale, bado mwanafunzi. Umeshapatia mengi, umeshakosea kadhaa, na Kimya anasema itachukua miaka kabla ya mtu kuukuta kwenye kliniki ya kawaida. Wamempa chumba kingine upande wa bustani, na amenunua soksi mpya.

Siku za Kitunguu kuangaliwa na daktari, mama mkwe humsindikiza. Hasemi anamsindikiza; anasema anapita tu kunyoosha miguu. Anakaa kwenye benchi la kungojea, mkoba mapajani, na kabla Kitunguu hajaitwa anakuwa ameshawahoji watu wa benchi zima. Mara ya mwisho Kitunguu alimkuta amembana bwana mmoja mwenye koti, mtu mkubwa wa ofisi fulani, aliyekuja kuchukua miwani yake tu.

"Macho yako yanawasha?"

"Hapana, mama."

"Una uhakika? Mdomo unakauka?"

"Kidogo, nikiongea sana kikaoni."

"Aha," mama mkwe akasema, akasogea karibu zaidi. "Kidogo kiasi gani? Na nani alikuwepo?"

Yule bwana akamtazama Kitunguu akiomba msaada. Kitunguu akamwambia aje, chumba chake kiko wazi, haitachukua muda, na haiumi hata kidogo. Akamshika mkono kumwongoza, huku akimuuliza watoto hawajambo.